Kuchagua Programu ya Kuendeshea Mradi Wetu wa Nguo

(Hotuba ya Kamati ya Mradi wa Ushonaji mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Morogoro)



  Tunajua chakula kiko tayari, na harufu ya pilau mnaisikia kama tunavyoisikia sisi. Tutajitahidi tusiwachoshe.

Mada tuliyopewa ni hii: mradi wetu wa nguo umekua, daftari zimekuwa nyingi, na watu wanakuja kutuuzia programu za kompyuta za kuendeshea biashara. Je, tununue? Na kama tunanunua, tutachaguaje? Fedha zitakazotumika ni za hisa zenu. Ni fedha zilizowekwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na mama anayeuza maandazi na mama anayelima mchicha. Kwa hiyo suala hili haliwahusu vijana wanaojua kompyuta peke yao. Linamhusu kila mwenye kitabu cha hisa.

1. Daftari tunalo, tena manne

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Lipo la stoo, lipo la mkataji, lipo la oda, na lipo la mauzo. Ukiongeza simu mbili zinazopokea malipo kwa lipa namba, hesabu zetu zinakaa sehemu sita. Kila moja ukiifungua peke yake iko sawasawa. Shida ni kwamba hazizungumzi. Daftari la mauzo halijui jora gani limekatwa, na daftari la stoo halijui oda ya shule imelipiwa au bado.

Hapo ndipo programu ya kuendeshea biashara inapoingia. Kwa maneno mepesi, ni daftari moja lenye milango mingi. Mama wa stoo anaandika kwa mlango wake, muuzaji kwa mlango wake, mhasibu kwa mlango wake, na chini kabisa hesabu ni moja. Shati likiuzwa, stoo inapungua papo hapo, fedha inaingia kwenye leja, na deni la mteja linafutwa. Hakuna anayeandika jambo lile lile mara tatu.

2. Nguo si sukari

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana wauzaji wengi wa programu wanatuonyesha iliyotengenezwa kwa ajili ya duka la vyakula. Sukari kilo moja ni kilo moja. Nguo sivyo.

Tuchukue sare za shule peke yake. Shati jeupe lipo la mikono mifupi na la mikono mirefu, na kila moja lina saizi nane. Hizo ni aina 16. Sketi ya bluu saizi nane, kaptura saizi nane. Sweta za rangi tatu kwa saizi nane ni aina 24. Jumlisheni: 56. Mtu wa nje akiangalia kabati anaona bidhaa nne. Stoo inaona 56.

Daftari likisema "mashati 30 yameuzwa", halijatuambia kitu. Yapi? Mwezi wa Januari mzazi anakuja anataka saizi 28, haipo, anakwenda kwa jirani. Wakati huo huo saizi 36 zimejaa kabatini, na fedha yetu imelala humo mpaka mwaka unaofuata. Mradi wa nguo unaweza kufa njaa huku kabati limejaa.

Basi swali la kwanza kwa kila muuzaji wa programu liwe hili: je, inaelewa kwamba shati ni moja lakini lina rangi na saizi nyingi ndani yake? Tunataka tuone jedwali moja, saizi zikienda huku na rangi zikienda kule, na idadi katikati. Kama tutalazimika kuandika bidhaa 56 moja moja kama vile hazina undugu, programu hiyo si yetu, hata iwe na picha nzuri namna gani.

3. Jora likiingia, shati litoke

Duka la kawaida linanunua na kuuza. Sisi tunanunua kitambaa, tunakata, tunashona, ndipo tunauza. Mali yetu inatembea. Asubuhi ni jora stoo, mchana ni vipande mezani kwa mkataji, kesho ni bunda kwa fundi wa cherehani, keshokutwa ni shati kabatini. Programu inayojua kununua na kuuza tu itaona jora limetoka na haitajua limekwenda wapi.

Tutoe mfano wa kufundishia, bei msizishike sana. Jora la mita 50, mita moja shilingi 4,000, ni shilingi 200,000. Shati la mtoto linakula mita moja na robo. Jora litoe mashati 40, kila moja kitambaa cha shilingi 5,000. Vifungo saba vya shilingi 50 ni 350. Uzi 150. Ushonaji 2,500. Umeme, pango na matengenezo ya cherehani tuweke 1,000. Jumla ni shilingi 9,000. Tukiuza 10,500, faida ni 1,500.

Sasa tuseme jora lile lile limetoa mashati 38. Kitambaa cha kila shati kimekuwa kama shilingi 5,263, na faida imeshuka kwa shilingi 263 kwa kila shati. Mita mbili na nusu ziko wapi? Inawezekana jora lilikuwa fupi tangu dukani Kariakoo. Inawezekana oda ilikuwa ya saizi kubwa. Inawezekana kitambaa kilikuwa na doa tukakikwepa. Bila hesabu iliyoandikwa siku ile ile, hakuna anayejua, na mnajua wenyewe, jamani, nani hunyooshewa kidole: mkataji. Mama wa watu anarudi nyumbani na jina limechafuka kwa sababu ya mita mbili na nusu ambazo pengine hazikuwahi kufika.

Kwa hiyo programu nzuri ya nguo itaturuhusu kuandika mapishi ya kila vazi: kitambaa kiasi gani, vifungo vingapi, zipu, uzi, na ujira wa fundi. Tukisema tunashona mashati 40, yenyewe itatuambia kitu gani kitatoka stoo, na mwisho itatuonyesha tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Pia itaonyesha bunda lipi liko kwa fundi yupi, maana mafundi wetu wanalipwa kwa kipande. Fundi akisema ameshona 22, na daftari likasema 20, ugomvi ule unaondoa undugu wa miaka kumi kwa dakika tano.

4. Januari, advansi na risiti

Mradi wetu unaishi kwa msimu. Shule zinafunguliwa Januari, na oda zinarundikana kuanzia Novemba. Mzazi analeta advansi kidogo, anamalizia kwa simu, mwingine anamalizia akija kuchukua. Advansi ile si mapato bado. Ni deni letu kwake mpaka nguo itoke. Programu lazima ijue tofauti hiyo. Isipojua, Desemba tutajiona matajiri, tutagawana, na Januari tutakosa fedha ya kitambaa.

Halafu kuna serikali. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na risiti zake lazima zilingane na mauzo yaliyomo kwenye programu. Tuwaulize wauzaji: programu yenu inazungumza na mfumo wa risiti wa TRA, au tutaandika mara mbili? Na malipo ya lipa namba, je, tunaweza kuyaingiza kwa pamoja kutoka kwenye taarifa ya kampuni ya simu, au moja moja kwa mkono?

5. Zipi zipo sokoni?

Hatujaja kumpigia debe mtu. Tutaeleza makundi tu ili mkisikia jina msishtuke.

Kundi la kwanza ni majedwali ya kompyuta, kama Excel. Vijana wetu wanaijua tayari. Kwa mradi mdogo yanatosha kabisa kuanzia, na yanafundisha nidhamu. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kufuta namba jana na leo usijue nani kaifuta.

Kundi la pili ni programu za uhasibu. Majina yanayosikika sana kwa wahasibu ni Tally, ya kampuni ya Bengaluru, India, iliyoanza mwaka 1986, na QuickBooks ya Intuit ya Marekani. Hizi zina nguvu kwenye leja, madeni na kodi. Lakini muuzaji atuonyeshe kwa macho yetu jinsi zitakavyobeba saizi, rangi na kazi iliyoko mezani kwa mkataji.

Kundi la tatu ni programu zinazounganisha shughuli zote. Odoo ilianzia Ubelgiji mwaka 2005 ikiwa na jina jingine, na jina hili ilipewa mwaka 2014. ERPNext inatoka India. Zote mbili zina utaratibu wa rangi na saizi ndani ya bidhaa moja, na zina mapishi ya utengenezaji. Tena ERPNext ni programu huria, na Odoo ina toleo huria pamoja na toleo la kulipia. Huria maana yake leseni yake hailipiwi. Lakini msidanganyike kwamba ni bure. Kuna mtu wa kuifunga, kuna kompyuta au seva ya kuiweka, kuna mafunzo, kuna siku itakapokwama usiku wa kuamkia Januari.

Kundi la nne ni zile zilizotengenezwa mahsusi kwa kampuni za mavazi, kama ApparelMagic ya Marekani. Zinajua lugha ya nguo vizuri, lakini zimelenga makampuni yenye wateja wa jumla na mifuko mirefu. Kwa cherehani zetu hizi, ni kununua lori la kubebea ndoo mbili za maji.

6. Bei ya mlangoni na bei ya ndani

Muuzaji atataja bei moja. Sisi tuulize bei tano: ya kuanza, ya kila mwezi, ya kila mtumiaji, ya mafunzo, na ya kuhamisha hesabu zetu za zamani. Nyingine imejificha kwenye sarafu. Programu nyingi hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Tuseme tuna watumiaji wanne, kila mmoja dola 20 kwa mwezi. Ni dola 80. Shilingi 184,000 zinageuka kuwa 208,000 bila sisi kuongezewa hata kifungo kimoja. Kwa faida ile ya 1,500, hayo ni mashati 16 zaidi ya kushona kila mwezi kwa ajili ya kulipia daftari.

Kwa hiyo kabla ya kusema "ni rahisi", tupige hesabu ya miaka mitatu, kisha tugawe kwa mashati.

7. Umeme na intaneti

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini kwa siku kadhaa. Programu inayoishi kwenye intaneti peke yake ingetufanyaje siku zile, mteja akiwa amesimama mlangoni? Tuulize: mtandao ukikatika, tunaweza kuendelea kuuza, halafu ikajisawazisha mtandao ukirudi? Umeme ukikatika, laptopu itatufikisha jioni? Na hata siku ya kompyuta kufa kabisa, kitabu cha risiti cha karatasi kiwepo kwenye droo. Hilo msilionee aibu.

8. Kufuli tatu

Tumefika kwenye kiini cha hotuba yetu. Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE, na umeenea Afrika nzima. Siri yake haiko kwenye bati la sanduku. Iko kwenye kufuli tatu na funguo zilizoshikwa na wanawake watatu tofauti, na fedha kuhesabiwa mbele ya wote. Mtu mmoja hawezi kufungua peke yake. Kikundi kinafunguka mbele ya macho ya kila mwanachama.

Programu ni sanduku jingine. Ndani yake hakuna noti, lakini kuna kumbukumbu za noti zote. Tukiipokea kutoka kwa fundi wa kompyuta mmoja, neno la siri analijua yeye na kijana mmoja wa ofisini, basi tumerudi nyuma miaka kumi, hata kama kioo kinang'aa. Siku kijana yule akipata kazi Dodoma, kikundi kimefungiwa nje ya nyumba yake.

Kwa hiyo tunataka kufuli tatu humu pia.

Kufuli ya kwanza: kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri, na programu ionyeshe nani kaandika, nani kabadilisha, na lini. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeweza kufuta mauzo.

Kufuli ya pili: kumbukumbu ziwe zetu. Mkataba uandike wazi kwamba siku yoyote tunaweza kuzitoa zote kwenye jedwali la kawaida na kuhamia kwingine, hata tukiwa tumeacha kulipa. Nakala ya akiba itolewe kila wiki na ikae kwa mtu ambaye si mwendeshaji. Tena tunatunza majina, simu na vipimo vya miili ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inatuhusu. Kipimo cha kiuno cha mteja si cha kusimuliana sokoni.

Kufuli ya tatu, na hii ndiyo kubwa: mwanachama asiyejua kompyuta, hata asiyejua kusoma, aweze kujua hali ya mradi wake. Tunapendekeza kila mkutano zisomwe kwa sauti namba tano: fedha tuliyonayo, fedha tunayodai, fedha tunayodaiwa, mita zilizo stoo, na nguo zilizo tayari kabatini. Kisha wanachama wawili wasio wa kamati wainuke, waende kuhesabu majora na nguo kwa mikono yao. Namba zikikutana, tunapiga makofi. Zisipokutana, hatutoki mpaka tujue.

Programu isiyoweza kutupa namba hizo tano kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwenye karatasi moja, hatuihitaji.

9. Pendekezo la Kamati

Ndugu wanachama, tunaleta kwenu mambo manne, na Mkutano Mkuu ndio utakaoamua kwa kura.

Kwanza, tusianze kitu kipya kati ya Novemba na Februari. Msimu si wakati wa kujifunza. Tuanze Machi, kazi ikipungua.

Pili, kabla ya kulipa chochote, tuandike wenyewe kwenye ukurasa mmoja kazi zetu zilivyo, kutoka jora mpaka risiti. Kila muuzaji aletewe ukurasa huo huo na jora lile lile la mfano, atuonyeshe shati moja likipita hatua zote mbele yetu. Asituonyeshe mfano wake aliokuja nao.

Tatu, tujaribu kwa miezi mitatu na bidhaa moja tu, mashati ya shule, daftari la karatasi likiendelea sambamba. Mwisho wa kila wiki tulinganishe. Daftari litastaafu siku programu itakapolingana nalo mwezi mzima.

Nne, wajifunze wanawake watatu, wa rika tofauti, mmoja wao awe mkataji. Wanaopendekeza kijana mmoja tu "kwa sababu anajua haraka" tunawaelewa, ila tunawajibu kwamba ufunguo mmoja hautoshi.

Kuna wenzetu wamesema, na wana haki, kwamba fedha hii ingenunua ovaloki nyingine. Ni kweli, na ovaloki inaonekana kwa macho. Tunachowaambia ni kwamba majaribio haya ya miezi mitatu yanaweza kufanyika kwa gharama ndogo, kwa jedwali la kompyuta au toleo huria, kwa laptopu tuliyonayo. Yakitudhihirishia kwamba hatuhitaji programu bado, tutanunua ovaloki kwa moyo mweupe na hakuna atakayekuwa ameshindwa. Yakitudhihirishia kwamba tunaihitaji, tutakuwa tunajua tunanunua nini.

Miaka kumi hii tumeaminiana kwa sababu tumehesabu pamoja. Tukienda kwenye kompyuta, twende pamoja vile vile.

 Sasa pilau.

Akina mama hoyee!